Kishikwambi Alichoahidi Emilian

Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu Kibosho kila mtu ana kazi yake. Mama huondoka mapema kwenda Njoro, mjini, ambako anapika kwenye mgahawa. Bibi huwasha kuni jikoni na kuinjika ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi. Mimi, Odilia, nafagia uwanja na kuosha vyombo. Mdogo wangu Emilian hukata migomba iliyokwisha kuvunwa, akaikatakata vipande vidogo na kumpelekea ng'ombe, maana ng'ombe wetu hatoki bandani, hawezi kwenda kujitafutia. Kazi hiyo ni yake tangu akiwa darasa la tatu, na sasa yuko la tano. Mtu angedhani hahitaji kukumbushwa. Mimi nimekuwa nikidhani hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi nakosea.

Jumamosi ninayoisimulia, ng'ombe alilia mpaka nikatupa ufagio. Nilimkuta Emilian amekaa juu ya gunia la pumba nyuma ya banda. Panga lilikuwa chini, limelala kwenye umande. Yeye alikuwa ameinamia kile kifaa cha Baba, anakisugua kwa kidole kama mtu anayefuta doa kwenye shati la shule.

"Dada, hiki kitu kina tatizo," akaniambia bila hata kuinua kichwa.

"Hakina tatizo. Ni cha kusomea vitabu. Mwenye tatizo yuko bandani, ana njaa."

Jibu hilo nilikuwa nimempa Jumatatu, Jumanne, na siku zote zilizofuata. Kwa kweli nilikuwa nimechoka. Ni afadhali kumpigia mbuzi gitaa, kwa sababu mbuzi hatakuuliza swali lilelile kesho yake.

Ngoja nieleze kifaa chenyewe kilikotoka. Baba yetu, Martin, ni mpagazi. Anabeba mizigo ya watalii wanaopanda Mlima Kilimanjaro, mahema, vyakula, meza na viti vyao. Safari ikiisha, wageni wengine huwaachia wapagazi vitu ambavyo hawataki kurudi navyo kwao. Ndiyo maana huku kwetu unaweza kumkuta mzee anawalisha nguruwe wake huku amevaa koti la kupandia mlima ambalo dukani usingethubutu hata kuuliza bei. Katika safari yake ya mwisho, Baba alikuwa kwenye kundi la mama mmoja wa makamo aliyependa kusoma. Kila jioni kambini mama huyo alikaa mlangoni mwa hema akisoma, na Baba kila alipopita alimuuliza jina la ndege fulani au la ua fulani. Walipofika getini, yule mama alimpa kile kifaa. Alimwambia mtu anayeuliza sana anastahili vitabu.

Baba alitupigia simu kutoka getini. Alisema anakuja na kifaa chenye kioo, umbo lake kama kishikwambi, ila ni cha vitabu tu. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, sote tulisikia. Emilian naye alisikia, ila masikio yake yalifunga mlango baada ya neno kishikwambi.

Kesho yake shuleni akatangaza. Akawaambia darasa zima kwamba baba yake analeta kishikwambi kipya kutoka kwa mzungu, kina gemu, kina katuni, kinapiga picha. Akawapangia na zamu za kukitumia. Rafiki yake Given, ambaye mjomba wake alimletea kishikwambi cha kweli alipokuja Krismasi kutoka Dar, alikuwa na mashaka. Emilian akamwapia kwamba chetu kitakuwa kikubwa kuliko chake. Hayo yote niliyasikia kwa watu wengine, maana nyumbani hakuthubutu kuyasema.

Baba alipofika na kukitoa kwenye begi, nilimwona mdogo wangu uso unavyomshuka. Kioo chake hakikuwaka kama cha simu. Kilikuwa kijivu, na maandishi yake meusi, ungesema ni karatasi imebandikwa. Ukigeuza ukurasa kinapepesa kidogo, kinatulia. Hakina rangi, hakina sauti, hakina kamera. Baba akakishika kwa mikono miwili, akakipeleka uwanjani kwenye jua kali, na maandishi yakaonekana vizuri zaidi. Akacheka peke yake.

Baba alikuwa na sababu ya kucheka. Kwa muda mrefu amekuwa akitaka kufanya mtihani wa kuwa kiongozi wa watalii. Kiongozi hupanda na begi dogo, kazi yake ni kuwaongoza wageni, kuwaeleza mimea na ndege, na kujua la kufanya mtu akiugua kule juu kwenye hewa nyembamba. Mwaka uliopita Baba alijaribu akafeli kwenye sehemu ya huduma ya kwanza. Na si kwamba hana akili. Muda wa kusoma anaupata kambini tu, na kambini hawezi kwenda na vitabu, kwa sababu mizigo hupimwa kwenye mizani getini na vitabu vile ni vizito kama matofali. Simu nayo hufa chaji kwa baridi kabla safari haijafika katikati. Sasa ikaja ile zawadi, nyepesi kuliko sahani, na ikichajiwa mara moja inapanda mlima na kushuka bado ina chaji. Aminieli, kiongozi anayefanya kazi na Baba, akamwekea humo vitabu vyote vya mtihani, akatuongezea na hadithi za Kiswahili za sisi watoto.

Jambo moja Baba hakulisema sana ni goti lake la kulia. Akishuka mlima linavimba, na akichuchumaa linalia. Mpagazi mwenye goti bovu hana kazi. Baba akifaulu, ataendelea kupanda mlima. Asipofaulu, atabeba mizigo mpaka siku goti litakapokataa, na siku hiyo sijui sisi tutakula nini. Mama aliniambia hivyo tukiwa tunamenya ndizi, akanikanya nisimwambie Emilian asije akaogopa. Nilinyamaza. Pengine ningemwambia mapema tungepona mengi.

Basi ile wiki ikawa wiki ya malalamiko. Emilian alilalamika asubuhi, akalalamika mezani, akalalamika akiwa anaoga. Hoja yake ilikuwa moja. Kitu chenye kioo, chenye kitufe na chenye chaji lazima kicheze video, la sivyo kimeharibika au mzungu katudanganya. Nilimuuliza kama redio ya Bibi, ambayo nayo ina vitufe na inatumia umeme, inaweza kupasi nguo. Akasema hiyo ni mada nyingine. Mama alimwambia achague moja, asome au akirudishe kabatini. Hakusoma na hakukirudisha. Alikaa anaminya kila mahali, anafungua kila kinachofunguka, anakuza herufi, anazipunguza, akitafuta mahali ambapo gemu zimefichwa.

Wala hakuwa peke yake, jamani. Majirani nao walikuja. Mama mmoja alifunga kilemba kizuri, akakaa kwenye kiti cha Baba, akaniambia nimpige picha nimtumie binti yake Arusha. Nilipomweleza kwamba hakipigi picha alinitazama kwa jicho la kuniona mchoyo. Hata Bibi, ambaye alikipa jina la kitabu cha umeme, aliniuliza pembeni kama hakina kwaya hata moja ndani yake. Nilimwambia hakina. Akaguna, akasema basi hata misale yake ya karatasi, kitabu chake cha misa, haina kwaya, na inamfaa miaka yote. Huyo ndiye mtu wa kwanza nyumbani kuelewa, na hajawahi kumiliki hata simu ya kioo.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Nilimnyang'anya Emilian kifaa, nikamkabidhi panga, nikakirudisha kabatini. Sikujua kwamba siku hiyo alikuwa kwenye maji ya shingo. Given na wenzake wawili walikuwa wamechoka na ahadi, wakamwambia wangekuja kwetu mchana kukiona hicho kishikwambi kwa macho yao. Baba alikuwa ameshuka Moshi mjini kupanga safari, kwa sababu kesho yake Jumapili alitakiwa kupanda mlima na kundi jingine, na akishuka tu, mtihani unamsubiri. Mimi nilichukua ndoo nikaenda kwenye mfereji.

Emilian alimpa ng'ombe chakula, hilo simnyimi. Kisha akakaa akawaza. Akakumbuka hadithi ambayo Baba anapenda kutusimulia, kwamba kule juu kwenye barafu simu hugoma kabisa, kioo kinakuwa cheusi, na wapagazi huziweka kwapani au ndani ya mfuko wa kulalia mpaka zipate joto, kisha zinafufuka na rangi zake zote. Hapo akili yake ikampeleka ilikompeleka. Hiki kifaa kimeshuka kutoka mlimani, akajiambia. Kimepata baridi kali usiku baada ya usiku. Ndiyo maana kiko polepole, na ndiyo maana rangi zimelala. Dawa yake ni joto.

Mtoto wa mtu mwingine asingefikiria hivyo. Inabidi uwe umelelewa na mpagazi.

Alikitoa kabatini, akakivingirisha kwenye taulo, akakiweka nyuma ya sufuria ya mtori, karibu kabisa na mafiga. Bibi hakuona. Alikuja, akachochea moto, akaongeza kuni mbili nzito, akatoka kwenda kuchuma majani.

Niliporudi na ndoo kichwani nilikutana na harufu ya plastiki uwanjani. Nilidhani Bibi amechoma kandambili kwa bahati mbaya. Nikaingia jikoni nikamkuta Emilian amepiga magoti mbele ya moto, taulo limefunguliwa, macho yanamng'aa.

"Dada, njoo uone," akasema. "Rangi zinakuja."

Niliangalia. Kwenye kioo kulikuwa na mabaka meusi yanayotembea kama maji ya kahawa yaliyomwagika kwenye kitambaa. Kona moja ya kifaa ilikuwa imepinda. Nilikidaka kikaniunguza, nikakiachia, Bibi akaingia na kukiokota kwa pindo la kanga yake, akakiweka mezani mbali na moto. Nilimuuliza Emilian kama anajua amefanya nini. Alikuwa bado anatabasamu, ila lile tabasamu lilikuwa linaondoka kidogokidogo, na kisha likaisha kabisa. Nilitaka kumchapa. Nasema kweli, mkono ulikuwa umeshanyanyuka.

Ndipo tukasikia hodi uwanjani. Given na wenzake walikuwa wamefika, wameoga na kupaka mafuta, utadhani wanakwenda Komunyo ya Kwanza.

Nilimwambia Emilian aende awaambie mwenyewe. Nilisimama mlangoni nisikie. Mdogo wangu akawaangalia, akawaambia kishikwambi hakipo, baba yake ameondoka nacho asubuhi kwenda mlimani, hatarudi mpaka wiki ijayo. Yaani plastiki bado inanuka, yeye ameshapika uongo mwingine.

Hakupata hata nafasi ya kuumalizia. Baba alitokeza kwenye njia ya migombani, begi begani, anachechemea kidogo kama kawaida yake akitoka mjini.

"Shikamoo, baba," wakaamkia wale wavulana kwa pamoja.

"Marahaba. Mmekuja kumtembelea Emilian?"

Given ni mtoto mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyommaliza mwenzake. Akamweleza Baba kwamba walikuja kukiona kile kishikwambi chenye gemu na katuni, lakini wameambiwa Baba yuko nacho mlimani. Baba akageuka akauangalia mlima, uliokuwa umefunikwa na mawingu yake ya mchana, kisha akaiangalia miguu yake mwenyewe iliyosimama uwanjani kwetu. Nyuma yangu Bibi akasema polepole, "Njia ya mwongo ni fupi."

Baba hakumgombeza mbele ya wenzake. Aliwaambia wale wavulana kwamba hajawahi kuwa na kishikwambi, na kwamba wawasalimie wazazi wao. Wakaondoka. Mpaka wanafika kwenye mimea ya isale ya mpakani walikuwa bado wanageuka nyuma, na hawakucheka, ila ningekuwa Emilian ningeona heri wacheke.

Baba akaingia ndani kupanga begi la safari. Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa. Kifaa hakikuwa kabatini, kilikuwa kwenye meza ya jikoni na kona yake imepinda. Emilian akakimbilia migombani. Ikabidi niende mimi. Nilikichukua, nikampa Baba, nikamwambia kimepatwa na moto. Sikusema zaidi ya hapo. Makosa yale yalikuwa na mwenyewe, na nilikuwa nimekwisha kuchoka kufanya kazi zake.

Baba alikaa kwenye kitanda. Alikigeuza huku na huku, akabonyeza kitufe, kikakataa. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alilishika goti lake akawa analikanda, anatazama ukutani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bibi ndiye aliyemfuata Emilian. Alimkuta mpakani, amejikunyata chini ya zile isale. Isale ni mmea wenye majani marefu, sisi huupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ila una kazi nyingine kubwa kuliko mpaka. Mtu akimkosea mwenzake vibaya, huchuma jani la isale akampelekea, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hata ugomvi wa ardhi wa miaka mingi umewahi kuishia kwenye jani hilo. Bibi alimwambia Emilian achague, alale migombani na fisi wamsalimie, au achume jani aende kwa baba yake. Akamwonya kwamba isale haipelekwi na mtu anayeficha hata nusu ya kosa lake.

Emilian alikuja amelishika jani kwa mikono miwili. Baba aliliona jani, akashusha pumzi ndefu, akamtupia Bibi jicho pale mlangoni.

"Umeniwahi, Mama," akasema. "Nilikuwa bado nina hasira yangu nzuri."

Akalipokea. Kisha akamwambia Emilian aseme yote, kuanzia mwanzo. Na Emilian akasema. Alisema jinsi alivyotangaza darasani, jinsi alivyowaapia wenzake, jinsi alivyoaibika, jinsi alivyofikiria baridi ya mlimani. Alipofika kwenye kwapa la mpagazi na mafiga ya Bibi, niliona mdomo wa Baba unacheza kidogo, akauzuia. Baba naye akamweleza lile ambalo Mama alitaka lifichwe, habari za goti na za mtihani. Emilian akaanza kulia, kilio cha kimya, cha mabega tu.

Kufikia hapo kifaa kilikuwa kimepoa. Baba akabonyeza tena kitufe, akakishikilia muda mrefu. Kioo kikapepesa, kikapepesa tena, na kitabu cha huduma ya kwanza kikatokea. Mimi nikashukuru Mungu. Lakini upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na ukanda wa mistari myeusi, na ule ukanda ulikuwa umemeza maneno ya mwisho ya kila mstari.

Baba akasoma kwa sauti. "Mgonjwa akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, usisubiri asubuhi, mara moja..." Akasogeza kifaa karibu na macho. "Mara moja nini? Nimpe chai? Nimwimbie? Kitabu kizima kiko hivi. Kitaniambia mtu anakufa, halafu kininyime dawa."

Aminieli alikuwa ameshapanda na kundi lake, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Safari ilikuwa kesho asubuhi. Baba akakiweka kando na kuanza kukunja soksi zake, na alikuwa anazikunja kwa nguvu kuliko soksi zinavyostahili.

"Baba," Emilian akasema, "naomba nijaribu kitu kimoja. Kama unaniruhusu."

Mimi nilitaka kumkatalia. Mtu aliyekaanga kitabu mchana hapewi kitabu jioni. Baba naye alisita. Mwishowe akampa, akamwambia akae palepale mbele yake.

Nimesema kwamba wiki nzima Emilian alikuwa anaminya kila mahali akitafuta gemu. Gemu hakuzipata, lakini alikuwa amejifunza kila mlango wa kile kifaa kuliko mtu yeyote nyumbani. Akagusa juu, pakafunguka orodha. Akapita kwenye ukubwa wa herufi, akashuka, akafika kwenye upana wa pambizo, ile nafasi nyeupe ya pembeni mwa ukurasa. Akaipanua mpaka mwisho. Kioo kikapepesa. Maandishi yote yakajikusanya katikati, yakawa safu nyembamba, na ule ukanda mweusi ukabaki pembeni kwenye nafasi tupu, hauna neno la kumeza.

Akamrudishia Baba kwa mikono miwili, vilevile alivyoleta isale.

Baba akasoma, "Usisubiri asubuhi, mara moja mteremshe." Akasoma na ukurasa uliofuata, na mwingine, kimoyomoyo. Kisha akakiweka kwenye begi katikati ya sweta zake. Akamwambia Emilian kwamba isale amekwisha kuipokea na kwake yeye shauri limekwisha, lakini darasani hajampelekea mtu yeyote jani. Jumatatu asimame mwenyewe awaambie wenzake ukweli.

Jumatatu alisimama. Mimi niko la saba, darasa letu liko jirani, nilisikia vicheko mpaka kwetu. Kwa muda wa wiki mbili walimwita Katuni. Aliporudi nyumbani hakulalamika, jambo lililonishangaza kiasi kwamba nilimpima homa kwa kiganja.

Baba alipanda mlima, akashuka, akafanya mtihani. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na ile sehemu ya huduma ya kwanza ndiyo iliyokuwa na alama nzuri kuliko zote. Mama alilia, akasema ni moshi wa jikoni. Bibi akapika mtori wa nyama, na majirani wakaja kumpa Baba pongezi. Yule mama wa kilemba naye alikuja, akauliza kama sasa kinapiga picha.

Given pia alikuja, na kishikwambi chake. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, kwa hiyo kilikuwa kimezima, kioo cheusi tii. Akamuuliza Emilian kama chetu bado kina chaji. Hapo mdogo wangu akavimba kichwa. Akasema chetu kinakaa mwezi mzima, kinasomeka kwenye jua, kimefika mlimani, kimemfaulisha Baba. Akasema cha Given ni takataka tu, hakijui kazi, bora wakibadilishe kwa kuku.

Nilishika kichwa. Nilidhani tumemaliza, kumbe tulikuwa tumegeuza shati tu, uchafu ni uleule.

Baba akaweka bakuli chini, akamwita.

"Kule mlimani, Emilian, tunakwenda na mpishi, wapagazi na kiongozi. Mpishi hajui njia za barafuni, na mimi mtori wangu hata nguruwe hawanywi. Siku utakapomdai mpishi akuongoze na umwite mjinga kwa sababu kapotea, mjinga ni wewe. Kishikwambi cha Given kina kazi zake, kinaonyesha picha, kinafundisha hesabu kwa rangi, na kitabu changu hakiziwezi kazi hizo. Kitabu changu nacho kina zake. Kabla hujakasirikia kitu, uliza kwanza kiliumbwa kifanye nini."

Emilian akainamisha kichwa. Akamwomba Given msamaha, kwa sauti ndogo. Nilidhani Baba amemaliza, lakini alimvuta karibu, akamshika bega.

"Na lingine ni hili. Wiki nzima ulikigombeza kile kifaa kana kwamba kilikulaghai. Kifaa hakijawahi kusema ni kishikwambi, mwanangu. Aliyesema ni wewe. Ule uongo ndio uliokuunguza wewe kwanza, kabla hujaunguza kitabu changu. Mtu akisema kweli kuhusu alichonacho, kile kidogo chake kinamtosha."

Nyuma ya nyumba ng'ombe akalia mara moja. Nilifungua mdomo kumkumbusha mdogo wangu, kama kawaida yangu, lakini panga halikuwa tena ukutani, na Emilian alikuwa ameshafika nusu ya njia ya migombani.